Kibati cha Barnsley

Siki nusu kikombe. Chumvi kijiko.
Unga wa ngano, ukoroge mpaka uwe rojo.
Hivyo tu, Bwana Ogden, nilimwambia,
si zile dawa za chupa zinazokukohoza.

Akanikabidhi kibati cha shaba cha mgodini,
cheusi kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Kaka yake alikitundika ubaoni akishuka.
Wenzake walipanda, wakatungua vyao.

Nikapaka. Tukangoja.
Mvua ikipiga kioo, chai yake ikipoa,
nami naibia saa jicho:
nina wazee wawili zaidi kabla ya adhuhuri.

Maji ya uvuguvugu, kitambaa cha flana,
na shaba ikachomoza, wekundu kidogo,
kama ngozi chini ya kigaga.
Kisha namba: nne, moja, saba.
Aliisoma kwa kidole,
macho kayaelekeza dirishani.

“Nyuma usiguse,” akasema.

Nikageuza. Nyuma, katikati ya kutu ya kijani,
palikuwa na doa la ukubwa wa dole gumba.
Sikuuliza.

Nikakausha upande mmoja, nikavaa koti.
Ndani ya basi vidole vilinuka siki
mpaka kwa Bi Hartley.