Tundu la Sita

Jumapili, umeme umekatika Cheyo,
baba anatandaza gazeti mezani.
Mdomo wa bastola kauelekeza kwenye gunia la mchanga,
si ukutani: nyuma ya ukuta amelala Mama Mwashi na wajukuu.

Anafungua silinda. Risasi zinadondoka kiganjani,
tano. Anazihesabu kwa Kinyamwezi,
nazihesabu na mimi, kisha nazipeleka jikoni,
kwenye mkebe wa asali, nafunga.
"Nimeshahesabu" kwake si neno. Anatia kidole
tundu kwa tundu, kama anayemkagua mtoto meno.

Parafujo moja, silinda inateleza kutoka mhimilini.
Kipande cha kanga kuukuu, mafuta kidogo.
Kidogo, Kalunde, hii si chapati!
Kitambaa kinatoka cheusi, kinatoka cha kijivu,
kinatoka.
Ananipa mtutu mtupu nitazame dirishani:
mwanga umejipinda humo
kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika.

Miaka thelathini na mmoja, ghala la reli, Tabora,
hajampiga mtu.

Jioni, akienda lindo, hujaza tano.
La sita, lililo chini ya nyundo, huliacha wazi.
"Hilo," asema, akinawa kwa sabuni hadi viwikoni,
"ndilo ninalolalia."