Dole Gumba

Ofisini kwa Jethalal, Nansio, kalenda ukutani:
kima wa misitu ya Asia,
uso mweusi kama sufuria ya msiba,
jani limemning'inia mdomoni
mithili ya barua asiyotaka kuimaliza.
Mwezi ulikuwa Machi. Mwaka ulishapita.

Nikasema, "Babu, huyu ni ndugu wa mbega wetu."
Babu Mugaya hakujibu. Alikuwa anafuta dole gumba kwenye suruali,
la kulia, likauke jasho,
maana karatasi ilishanyooshwa mezani
na mimi, msomi wa darasa la sita,
ndiye niliyeshika wino.

"Kuanzia mkuyu wa pacha hadi majini."
Nilisoma mara mbili, nikidhani nimekosea.
Hadi majini.

Mbega hana dole gumba.
Mtazame anavyoshika tawi: vidole vinne, ndoana nne,
na pa gumba pana kinundu,
neno lililomezwa.
Habani kitu, hafungui fundo.
Majani tu, machanga alfajiri, magumu kiangazi,
kisha hukaa akiyapika tumboni
polepole, kama makande ya bibi,
anabeua, anatazama ziwa.
Mwanawe huzaliwa mweupe pe,
na shangazi wote wakagombania kumpakata.

Hakuitwa ofisini.
Angeitwa, angechovya nini?

Misimu miwili ilitosha.
Mivule ilikwenda Kirumba kuwa mbavu za mitumbwi,
mingine yote ikaingia chini ya vichanja vya sangara,
na mkuyu wa pacha, pacha wote wawili.
Hata chai ilinuka moshi.
Mbega wa mwisho nilimwona juu ya bati la zahanati,
mkia mweupe umeshuka dirishani kama pazia.
Wagonjwa walitoka nje kumtazama.
Alikuwa anatafuna kisamvu kibichi, bila haraka.

Sasa niko Mwanza, benki, dirisha la tatu.
Nawashika wazee mkono, nawawekea dole kwenye kioo cha mashine.
"Tulia, mama. Usisukume."
Kwenye skrini huibuka duara ndani ya duara
na mimi, kila mara, naona kisiki.

Jana alikuja mama wa kiwanda cha minofu, Nyanjura.
Gumba lake lilikwenda na kisu, miaka minne sasa.
Mashine ikalia. Ikalia tena.
Akauweka mkono juu ya kaunta, vidole vinne,
akanitazama bila hasira,
anatafuna kitu.

Nikamwambia asubiri pale kwenye benchi.
Nilipoinua macho foleni ilikuwa imefika mlangoni
na yeye bado amekaa,
ameligeukia ziwa.