Tundu la Kona ya Juu

Mzee Okwiri alishuka, akaufunga mlango mara mbili
(mara ya kwanza haushiki), akasema:
"Betri hufa kila mvua ikinyesha.
Hii ni ya tatu tangu Machi."
Kisha akanitajia bei za zote tatu.

Nikafungua boneti.
Betri ilikuwa imeketi ndani ya sinia la bati
kama mtoto anayeogeshwa kwenye karai,
maji kiunoni,
vichwa vyake vimeota unga wa kijani,
unga usiosongwa ugali.

Nikalitafuta tundu. Kila sinia la betri lina tundu,
hata waliounda gari hili walilijua hilo.
Kona ya kwanza, kavu ya chuma. Ya pili, hakuna.
Ya tatu, bolti iliyokula kutu.
Ya nne, ile iliyoinuka kuliko zote,
nikaligusa: dogo kama punje ya dengu,
mahali ambapo maji hayafiki
mpaka yameshafika kwingine kote.

Na lile bomba la mpira linalokusanya mvua
ya kioo kizima, chini ya wipa,
linaimwaga wapi?
Humo humo siniani.

Nikazibua kwa spoku ya baiskeli.
Likatoka ua la jakaranda, la Oktoba,
jeusi, limejikunja kama risiti mfukoni.
Wahenga walituonya kuhusu ufa usiozibwa.
Wahenga hawakumiliki gari hili.

"Syombua," nikamwita mwanafunzi wangu, "njoo uone kazi ya mlevi!
Mtu alikaa kitini, akachora hivi, akalipwa!"
Syombua akacheka hadi akaangusha spana.

Mzee hakucheka.
Alivaa miwani, akainama,
akapitisha kidole ukingoni mwa bati polepole,
kona hadi kona.
"Huyu hakulewa," akasema. "Aliishiwa na nafasi."

Miaka thelathini alichora mitaro ya jiji hili,
orofa ya tatu, kalamu ya wino, meza iliyoinama.
Kulikuwa na mtaro mmoja ng'ambo ya reli.
Mdomo wake ulitakiwa uwe chini, kulia,
na chini kulia mwa karatasi kuna kisanduku:
jina la mradi, kipimo, tarehe,
sahihi ya mkubwa.
"Nikausogeza mdomo juu. Sentimita mbili tu.
Mkubwa akatia sahihi.
Kwa kipimo kile, sentimita mbili ni mita ishirini."
Akavua miwani.
"Kila Aprili redio ikiutaja mtaa ule, mimi huzima."

Sikujua la kusema. Nikachukua keekee.
Akaniomba.
Nikamwonyesha kona ya chini, nikaweka alama kwa chaki,
akatoboa, mikono imetulia kuliko yangu.

Maji yakashuka yote kwa mkupuo,
yakamwangukia kwenye viatu vilivyong'arishwa asubuhi.
Hakusogea.
Yakapita chini ya gari, yakapita kwenye mafuta
yakivaa rangi za shingo ya njiwa,
yakatoka getini, yakafika
mtaro wa barabara yetu ya Kariobangi,
yakasimama.

Tuliyatazama sote watatu.
Mfuko wa unga ulielea, ukazunguka, ukarudi tulipo.

Mzee Okwiri bado ameshika keekee.
"Hii," akauliza,
"huingia kwenye saruji?"