Wa Nani?

Dirisha la pili, ofisi ya vitambulisho, Moshi.
Karani ana mafua na muhuri uliokauka wino.
"Jina la ukoo?"
Namtajia. Kalamu inasita.
"Rudia."
Havathweti. Ha, va, kisha meno yauguse ulimi, thwe, ti.
Anatazama nywele zangu, pua, ngozi hii ya sufuria ya kuni,
na nyuma kwenye foleni mtu anakohoa kicheko.
"Mzungu gani huyo?"

Nimeulizwa hivyo tangu darasa la kwanza Kiborloni,
mwalimu Nakijwa aliposhindwa nalo
akaniita Wewe wa Dirishani.

Sikiliza basi, mlima umejifunika, hatuna cha kutazama.
Mwaka wa mvua ya mawe, Ngarenairobi,
vibarua walipangwa mstari mbele ya ghala la ngano.
Babu, Ndetaramo Lyaruu, alikuwa wa saba,
panga kwapani, umande hadi magotini.
Karani wa shamba, mtu wa Tanga mwenye kalamu ya kuchovya,
hakuinua kichwa:
"Wewe wa nani?"
Kwetu swali hilo humtafuta baba.
Babu alidhani linamtafuta bwana.
"Wa Havathweti," akajibu kwa adabu,
na karatasi ikanywa wino.

Hivyo tu. Hakuna damu iliyovuka bahari,
hakuna bibi aliyeviziwa ghalani, wanavyonong'ona majirani.
Herufi mbili, w na a,
na ukoo mzima ukapenya hapo
kama mbuzi kwenye tundu la ua.

Leo nikituhesabu tuko kumi na tisa.
Wengi Sanya Juu, na mimi na wanangu hapa Pasua.
Aikande yuko Arusha, Sakina, anauza vipuri,
kibao chake kimekosa h na wateja hawajali.
Wawili Mbeya hawapokei simu.
Baba mkubwa Aminieli yuko chini ya migomba;
fundi wa jiwe la kaburi aliishiwa nafasi,
akamzika kama HAVATHWE.
Ndelilio simhesabu. Alikwenda kwa wakili, akaapa,
akarudi kuwa Lyaruu,
na Krismasi anatusalimia kama wageni wa jirani.

Mwaka juzi ikaja barua.
Bibi mmoja, kaskazini ya Uingereza, mwandiko unatetemeka:
kwao wamebaki saba, wote wazee,
kanisani jina liko kwenye mawe kuliko kwenye viti.
Amesikia liko hai huku. Anauliza, kwa upole,
sisi ni wa nani.

Lile lile.

Chini kabisa, kama mtu anayefunga zawadi, alieleza maana:
jina si la Kiingereza hasa, waliliacha wavamizi wa kale
walioshuka na mashua kutoka kwenye baridi kubwa zaidi.
Thweti ni mahali palipofyekwa msituni.
Hava ni shayiri.
Shayiri, siyo shairi; nilisoma mara mbili.

Nilicheka peke yangu hadi chai ikapoa.
Maana yule bwana, wanasema, hakuwahi kushika panga.
Aliyeufyeka mwitu ule, akang'oa visiki,
akaacha kidole cha shahada kwenye mzizi wa mkuyu
ili shayiri ipate jua,
ni mtu wa saba kwenye mstari.
Jina lilimpata mwenyewe, basi,
limezunguka tu njia ndefu.

Au najifariji. Ndelilio angesema najifariji.
Barua iko kwenye droo, chini ya bili za maji.
Sijaijibu.

Karani anapiga chafya. "Taja herufi."
Nataja. "Kuna h mbili?"
Mbili. Usiiache ya pili, tafadhali, tumeshaipoteza Sakina.
Anaandika polepole, ulimi nje, kama anayetia uzi kwenye sindano.
"Jina la babu?"

Ndetaramo, nasema.
Hilo analiandika mara moja,
wala haniulizi herufi.