Sababu ya Likizo

Droo ya tatu, mkono wa kushoto, haifungi vizuri.
Humo nimelaza watu.
Si wao wenyewe, ni siku zao:
fomu zilizorudi na muhuri mwekundu,
"Haijaidhinishwa. Majukumu ni mengi."
Muhuri naupiga mimi. Kiganja changu kinaujua uzito wake
kama cha mama kinavyoujua mchi.

Ndahani wa getini aliomba siku tatu.
Kwenye sababu aliandika: Mvua.
Neno moja, kalamu ya kuazima.
Meneja akacheka. "Huyu anaogopa kulowa?"
Mgeni wa Dodoma wewe, nikasema moyoni,
hujui mvua ya huku haipangi foleni.
Inashuka Hombolo usiku mmoja, inalowesha shubiri moja ya udongo,
na mtama usipoingia shimoni wiki hiyo
utakula maelezo mwaka mzima.
Ndahani alibaki. Alifungua, alifunga,
alipigia magari saluti,
ila macho yalikwishaondoka bila kibali,
yako Hombolo, yanapanda.

Damari wa masijala, sheria inampa saa mbili za kunyonyesha.
Sheria nzuri, nimeibandika ukutani.
Lakini mtoto yuko Nkuhungu, sisi tuko Mtumba,
na saa mbili hizo barabara inazinyonya yenyewe,
kwenda na kurudi, hadi tone la mwisho.
Basi Damari hukamua maziwa stoo,
kati ya majalada ya zamani na maboksi ya wino,
anatoka blauzi imelowa, anakaa,
anachapa barua ya kumtakia mtu ufanisi.
Aliomba siku mbili kwa wiki afanyie kazi nyumbani.
Kazi yenyewe iko ndani ya kompyuta, na kompyuta inabebeka.
Muhuri.

Nisimwonee meneja. Ana hoja, na hoja yake ina miguu:
"Mzee katoka Kibaigwa na nauli ya kukopa,
akute kiti kitupu na koti limetundikwa?"
Kweli. Kiti kitupu hakijibu swali.
Ila nimeona pia kiti chenye mtu, na bado hakijibu.
Tangu saa nane tunafungua faili lilelile, tunalifunga,
kila mmoja akingoja mwenzake awe wa kwanza kusimama.
Tunahesabu makalio. Kazi hatujawahi kuihesabu.

Mama yangu, Mpunguzi, ana nusu ekari ya zabibu.
Akishavuna anaikata, anabakiza vijiti,
maji anayafunga.
Mpita njia atasema shamba limekufa.
"Limelala," mama husema. "Ukiliamsha mapema linakupa majani."
Muhuri wangu hajawahi kuuona, namshukuru Mungu.

Ijumaa nilijumlisha siku zangu: sitini na moja.
Za meneja ni mia moja na kumi na mbili,
anazitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe wake.
Ng'ombe gani hawa, bwana,
hawakamwi, hawachinjwi, hawatoi hata mahari?

Leo nimechukua fomu safi.
Jina: Yunisi Chilongani. Idadi ya siku: kumi.
Sababu.
Pale nimekaa mpaka chai ikaganda utando.
Ningekuwa naumwa, ningeandika. Ningefiwa, ningeandika;
msiba hatuukatai, kwa msiba sisi ni waungwana.
Lakini sijafiwa.
Nikaandika hivyohivyo: Mama yu hai, na zabibu zimeiva.

Meneja aliisoma, akaigeuza nyuma
kama vile sababu yenyewe ingekuwa upande wa pili.
Akavua miwani.
"Mpunguzi," akauliza, "ni mbali?"
Nusu saa, nikamjibu.
Sijafika tangu Pasaka.