Kijiti Kiitwacho Roho

Ilishuka gatini ikalazwa juu ya mkokoteni,
kasha lake jeusi, refu kama jeneza,
na watoto wa Mkomani wakaifuata kimya
wakidhani kuna msiba.

Kumbe ni selo: fidla iliyokua
mpaka ikakataa kubebwa begani.

Unyevu wa siku mbili tu za Lamu
ulikuwa umeiachisha gundi ubavuni.
Kagendo, aliyekuja na okestra kutoka Nairobi,
alisimama mlangoni mwa karakana
ameuziba ule ufa kwa kiganja
kama azuiaye damu.
"Nimeambiwa hapa kuna fundi wa mbao."

Mjomba Shekuwe ni fundi wa milango.
Ala ya muziki aliyowahi kuigusa
ni zumari moja, harusini,
nayo aliikalia kwa bahati mbaya.

Aliinusa kwanza. "Mkangazi?"
"Hapana. Miti ya kwenye theluji."
Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio,
akagonga tena, chini zaidi.
"Ufa si kitu," akasema. "Ndani mna kitu kimoya kimeanguka."

Nikamulika kwa simu kupitia tundu la kifuani.
Kweli: kijiti, hakizidi penseli,
kimelala vumbini.
"Chaitwaje?"
"Roho," akasema Kagendo. "Bila hicho ni sanduku."

Mjomba akanyamaza.
Amechonga milango thelathini na saba,
ana maua yake, ana minyororo yake, ana majina ya wenyewe juu,
na hakuna hata mmoja aliowahi kuuwekea roho.

Tulichemsha gundi ya ngozi kwenye birika la kahawa
(birika lile halikurudi tena jikoni; shangazi hajatusamehe).
Hatukuwa na jiriwa za kazi hiyo,
tukaifunga kwa kamba za katani na kabari za mti,
na mkono wa mjomba ukikaza fundo, mdomo ukihesabu
nane, kisha nane:

*Mti ukikatwa shina, haukomi kusikia,*
*Pepo zilizoungana, zimo ndani zatulia,*
*Ukiguswa kiungwana, utasema ukilia,*
*Fundi hana la kunena, ila kuusubiria.*

Tulipokuwa tukisubiri ikauke
Kagendo alitueleza juu ya mtunzi wa usiku ule,
Mjerumani, mwenye nywele zisizosikia kitana,
aliyeendelea kutunga masikio yakiwa yamekufa.
Mjomba akauliza, "Sasa alijuaje kuwa umekwisha?"
Kagendo akafungua kinywa, akakifunga.

Uani mwa Ngome, viti vya plastiki.
Kiongozi alikuwa ameshainua fimbo yake
adhana ya isha ilipoanza.
Akaishusha. Watu arobaini na ala zao
wakangoja, mikono mapajani,
mpaka msikiti wa mwisho ulipomaliza.
Kisha obo ikatoa sauti moja, kavu,
na wengine wakaizunguka, kila mmoja
akitafuta pa kukaa.

Tulipiga makofi mahali pasipopigwa.
Mara mbili. Nani alitwambia
kwamba ukimya ule ulikuwa bado ni muziki?
Na katika sehemu ya polepole,
fidla zikivuta kama uzi katika sindano,
punda akalia nyuma ya ukuta, akalia mpaka akatosheka.
Bibi mmoja akacheka ndani ya buibui. Hata mpiga tarumbeta.

Mjomba hakucheka.
Sidhani kama aliusikia ule wimbo wala yule punda.
Alikuwa amekodoa mato kwenye ubavu mmoja wa mti,
shanuo kwa shanuo, vuto kwa vuto la upinde,
na kila selo iliposhuka kwenye sauti ya chini kabisa,
ile inayoingilia miguuni,
mkono wake ulikaza fundo lisilokuwapo.

Ulishika.

Okestra iliondoka kwa boti ya asubuhi.
Mezani petu limebaki tone la gundi, rangi ya halua.
Mjomba hataki likwanguliwe.
Na siku hizi, kabla hajatia patasi,
huugonga ubao mara mbili
akakaa, kichwa upande,
mteja akisubiri bei.