Unga Usiorudisha Mwangwi

Kutu niliikwangua mwenyewe kwenye reli za zamani,
nyuma ya stesheni, kwa kisu cha jikoni.
Kobalti nilipewa na Kaumba, robo gunia.
"Usiniulize shimo gani," akasema.
Sikuuliza.

Mafungu mawili ya kutu, moja la kobalti.
Nikasaga. Siku tatu nikasaga
katika kopo la chuma lenye gololi za beringi,
nimelifunga kwenye mota ya cherehani,
hata majirani wa Katuba wakaja na mabeseni
wakidhani nimefungua mashine ya unga wa bukari.

Tanuru likafika nyuzi mia tisa,
umeme ukakatika.
Unga ukatoka rangi ya chai ya jana.

Nikausaga tena. Nikangoja usiku wa manane,
saa ambayo viwanda vya Lubumbashi hupumua kidogo
na sisi tunaokota makombo ya umeme.
Mia tisa. Elfu moja.
Elfu moja na mia mbili.
Nimekaa na saa ya marehemu baba mkononi,
hata chafya naibana.

Kulipokucha ulikuwa mweusi,
mweusi wa chini ya sufuria la msibani,
na niliposogeza sumaku
ukairukia kama siafu.

Likabaki swali moja.
Nikafungua lile jiko la maikrowevu
aliloleta shemeji kutoka Ndola:
kikombe kitupu cha kauri upande huu,
kijiko cha unga upande ule. Dakika moja.
Kikombe, baridi kama mlango wa benki.
Unga uliniunguza kidole.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, upawa mkononi.
"Hayo mawimbi yameenda wapi?"
Nikamwambia: Hayakwenda popote, mama.
Bati huyarudisha, kama mtu mwenye ulimi.
Kioo huyaacha yapite, kama kiziwi.
Huu huyapokea,
ukanyamaza,
ukapata moto.

Hakujibu.
Miaka ishirini na sita ya baba
na maneno yake ya saa tisa usiku,
hakumrudishia hata moja,
nasi watoto, chini ya blanketi,
tulidhani yanapita.

Nikamshika mkono nimsogeze karibu, aone.
Kiganja chake kilichoma.

"Funika unga wako," akasema,
"upepo wa kiangazi huu
hauachi kitu."